Usiku wa muvi mtaani: anza na sauti, projekta baadaye

Kama klabu yenu ya filamu ina mpango wa kuonyesha muvi nje, iwe kwenye ua wa shule au uwanja wa serikali ya mtaa, soma hii kabla hamjaimalizia hela yote kwenye projekta. Wengi ndo wanapokwama hapo, bajeti nzima inaenda kwenye picha alafu sauti inakuja kuazimwa dakika za mwisho kwa jamaa mwenye kispika cha blututhi. Aisee watu wanavumilia picha iliyofifia, wanavumilia hata shuka lenye mikunjo, ila wasiposikia wahusika wanasema nini, robo saa tu wameshatoa simu.

Kwahiyo sauti kwanza. Kodi spika mbili kwa hawa wanaopiga mziki kwenye shughuli, pamoja na miksa ndogo, ile mashine ya kurekebishia sauti. Spika zikae kulia na kushoto kwa skrini zikiwaangalia watu, usiziweke nyuma yao, mtu akiongea kwenye skrini alafu sauti inatokea mgongoni kwako hata muvi huielewi. Toa sauti kwenye laptopu kwa waya, ule wa pini ndogo kama ya hedifoni, uingie kwenye miksa. Blututhi achana nayo kabisa, mara nyingi inachelewesha sauti, mdomo umeshafunga ndo maneno yanafika. Ikibidi kabisa, kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video kwenye laptopu, bonyeza J au K kusogeza sauti mbele au nyuma, na maandishi ya chini yakipishana na maneno unatumia G na H. Alafu mwambie fundi mitambo apunguze besi! Yeye kazoea vigodoro, ila muvi ni maongezi, besi ikizidi kila mtu anaonekana anaongea akiwa ndani ya pipa. Ukipima, nenda kasimame kule mstari wa mwisho usikilize, na uache nafasi ya kuongeza, maana uwanja ukijaa watu sauti inamezwa.

Projekta sasa. Zile za bei chee zinaandikwa lumens (kipimo cha mwanga) kibao kwenye boksi, usizishangae, uliza ANSI lumens ngapi, yaani zile zilizopimwa kwa kiwango rasmi. Kama 3,000 hivi kwa skrini ya upana wa mita 3 kwenye giza mko poa. Umbali nao una hesabu yake, kila projekta ina uwiano wake wa umbali kwa upana wa skrini kwenye kitabu, ukikuta 1.5 maana yake skrini ya mita 3 inataka projekta ikae mita 4 na nusu. Pima kwa futi kamba mchana kweupe, usisubiri watu wameshakaa ndo uanze kusogeza meza.

Skrini sio lazima mnunue. Shuka jeupe kubwa lisilo na maua linatosha, nyuma yake weka kitambaa cheusi ili mwanga usipenye, alafu kwenye pindo la chini mpitishe bomba la plastiki ili lining'inie limenyooka. Huku Pwani kusi ikivuma shuka linageuka tanga, kwahiyo funga pembe zote nne na uchague sehemu yenye ukuta. Na kabla ya yote cheki taa ya usalama ya jirani inamulika wapi, nenda kamuombe mapema aizime kwa masaa mawili, na umualike kabisa.

Muda unawachanganya wengi. Dar jua linazama kuanzia kama saa 12 na robo jioni mpaka saa 1 kasorobo, inategemea na mwezi, na giza la kueleweka linataka kama nusu saa nyingine. Ila usiangalie giza tu, angalia na adhana. Mnaweza kuanza na filamu fupi baada ya magharibi, ikifika isha mnasimamisha, watu wanaswali, wengine wananunua kachori na juisi ya ukwaju, alafu muvi kubwa inaanza. Mimi naona mpangilio huu ni bora hata kwa wasioswali, maana wachelewaji wanapata muda wa kufika bila kukatisha mbele ya projekta.

Ishu ya vibali msiipuuze. Akaunti ya Netflix ni ya kuangalia nyumbani, haikupi ruhusa ya kuonyesha uwanjani hata kama hamtozi kiingilio. Mtafute mwenye filamu umwandikie, mweleze mnaonyesha wapi, watu kama wangapi, bure au kwa kiingilio, na uhakikishe jibu lake liko kwa maandishi. Bongo pia kuna Bodi ya Filamu, iko chini ya sheria ya mwaka 1976, kaulizeni mapema nini kinatakiwa kwa onyesho la wazi. Kenya kazi hiyo iko kwa KFCB, bodi yao ya filamu. Na mjumbe wa mtaa apewe taarifa, sio asikie spika.

Faili iwe kwenye laptopu yenyewe, usitegemee intaneti. Ukihamisha kwa flashi ikagoma faili linalozidi GB 4, flashi yako iko kwenye FAT32, mfumo wa zamani wa kuhifadhi mafaili, iformati iwe exFAT ila toa vitu vyako kwanza maana itafuta kila kitu. Zima Wi-Fi, zima notifikesheni, zima laptopu kujilaza. Hakuna anayetaka meseji ya shemeji yako ikitokea kwenye upana wa mita 3.

Jenereta kaeni nayo hata kama umeme haujakatika wiki nzima, ila ikae mbali nyuma ya ukuta, nunueni waya mrefu. Mikeka mbele kwa watoto, viti nyuma, katikati acheni njia, na nyaya zote zibandikwe chini kwa gundi ya karatasi pana. Dawa ya mbu iwashwe kabla watu hawajakaa.

Muvi ikiisha msichomoe projekta fasta, zile za taa ya balbu zinatakiwa zizimwe kwa kitufe kwanza na feni imalize kupoza. Dakika hizo hizo ndo za kuanzisha mjadala, na usiulize "mmeionaje", utajibiwa "nzuri" basi. Uliza kitu kinachobishaniwa, kwamfano yule mama alikuwa na haki ya kuuza ile nyumba au la. Ukiona wawili wameanza kubishana, wape maiki.