Umepata bunduki ya marehemu guka (babu) kwa stoo? Soma hii yote kabla uniulize (somo)

Naandika hii kwa sababu nimechoka. Kila mazishi yakiisha kuna mtu ananitumia picha ya chuma imefungwa kwa gunia, ati "hii si ni antiki, si naweza ning'iniza tu sebuleni?"

Kwanza toa YouTube kichwani. Marekani, sheria yao ya silaha ya 1968 inaachilia bunduki iliyotengenezwa 1898 ama kabla, inaiita antiki. Uingereza nao tangu Machi 2021 ndio iitwe antiki wanataka iwe ya kabla ya Septemba 1939, na kama inatumia risasi za kawaida, aina yake iwe kwa orodha ya zile hazitumiki tena. Hizo ni za kwao. Hapa Kenya ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kusema hiki chuma ni silaha ama ni pambo si kazi yako wala ya mjomba wako.

1. Toa watoto, funga mlango.

2. Usivute kitu, usisafishe, usijaribu. Hasa gobore, hizo za kujazia mdomoni, watu huziacha na baruti ndani na baruti ikikaa kavu inangoja miaka na miaka.

3. Piga picha pale pale ilipo.

4. Tafuta cheti cha bunduki cha marehemu. Cheti ni cha jina la mtu na hurenewiwa kila mwaka, hakirithiwi kama shamba.

5. USIIBEBE. Hapa ndipo watu wazuri wanaharibikiwa. Unajiambia mimi ni raia mwema, wacha niipeleke stesheni mwenyewe, unaitupa kwa buti ya gari kutoka Murang'a, halafu pale Thika Road kuna kizuizi. Sasa mweleze huyo afisa hadithi ya guka. Kile anaona ni mtu ana bunduki bila cheti, na hiyo kesi ni ya jela ya miaka, si faini ya kanju. Piga simu stesheni ya karibu na hapo ilipo, ongea na OCS (mkuu wa stesheni), enda na chifu ama mzee wa mtaa ukaripoti, wao waje waichukue. Na usiibebe vipande vipande ukidhani umejanjaruka, mtutu peke yake unahesabiwa silaha.

6. Chukua namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Bila hiyo hujaripoti.

7. Ukitaka kuimiliki, unaomba bodi ya leseni za silaha, cheti cha tabia njema cha DCI (polisi wa upelelezi) ni 1,050 kwa eCitizen, na ujue utaulizwa unaitakia nini na utaiweka wapi.

MASWALI

– Mkuu sijasoma yote, naweza kuuza online?
Soma yote.

– Yangu mtutu umezibwa na risasi ile madini, iliyeyushwa ikamiminwa ndani, haiwezi piga. Bado?
Bado. Sheria inaangalia pia kama inaweza kurekebishwa ipige. Fundi wa kulehemu si bodi.

– Unatutisha bure, ya kwetu imekaa tangu uhuru na hakuna kitu imefanyika.
Sawa. Siku itafanyika usinipigie.

– Nitajuaje umri wake bila kuishika? Nauliza tu, napenda historia.
Swali zuri sana hili. Zile za KAR (jeshi la mkoloni) na za homugadi (walinzi wa vijiji upande wa mkoloni) nyingi ni Lee-Enfield, bunduki za Waingereza, kuza picha uangalie chuma nyuma ya bolti, kuna taji na herufi. VR ni Malkia Victoria, alikufa 1901. ER ni Edward, mpaka 1910. GR ni kuanzia hapo. Chini yake kuna jina la kiwanda, mara nyingi Enfield ama BSA, na mwaka. Mwaka una maana kwa sababu kitu kilichotengenezwa ama kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni mali ya kale kwa sheria ya makavazi ya 2006, na hiyo hutoi nje ya nchi bila kibali. Ukiona GR, hiyo ya 1895 sahau. Na karatasi za jeshi za guka zisichomwe na takataka, saa zingine ndizo zina hadithi kuliko bunduki.

– Na mkuki na upanga wa babu?
Haviko kwa sheria hii. Lakini angalia mpini, kama ni pembe ya ndovu hiyo ni sheria ya wanyamapori ya 2013, ongea na KWS, shirika la wanyamapori.

– Kwa hivyo nikileta na Uber si ni sawa?
Namba tano.