Bustani ya majini ndani ya chupa, bila kuvunja kibubu

Samaki hawamo kwenye somo hili. Nalisema mapema kwa sababu karibu kila mgeni anayeiona chupa iliyo juu ya meza yangu huinama, akachungulia, kisha akauliza samaki yuko wapi. Hayupo, na hatawekwa. Chupa ya lita 5 ni shamba la mimea. Samaki hutoa amonia usiku na mchana kupitia matamvua yake, na maji kiasi hicho hayatoshi kuizimua. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alichapisha maelezo ya jinsi alivyowaweka samaki wawili wadogo pamoja na mmea wa Vallisneria, mmea ukiwapa oksijeni nao wakiurutubisha. Watu wengi wamelichukua jambo hilo kuwa ruhusa ya kutia samaki kwenye kila kioo. Chombo chake kilikuwa cha galoni 12, zaidi ya lita 50, kwa samaki wawili tu, na hata hivyo majani yaliyooza yalimchafulia maji mpaka alipoongeza konokono wa kuyala.

Basi pesa yako, na zaidi ya pesa uangalifu wako, upeleke kwenye mimea. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Mwanza, na chupa hizi nazitengeneza nyumbani na kwenye maabara ya shule bila pampu, bila kichujio, bila mtungi wa gesi. Kinachoziendesha ni mimea mingi iliyopandwa siku ya kwanza kwenye udongo wenye chakula. Ukipanda michache ukitegemea itajaa yenyewe, chakula kinachobaki kwenye maji kitaliwa na mwani, ule utando wa kijani wa majini, na mwani ukishatangulia ni kazi kuufukuza.

Mimea, na kabla ya mimea, kichocho

Dukani wanakouza vifaa vya samaki wa mapambo utauziwa kishada kimoja kwa bei ya kitoweo. Ziwa Victoria linayo bure. Ninaoutegemea zaidi ni Ceratophyllum demersum: shina refu laini, majani membamba yaliyozunguka shina kwa mafungu, na hauna mizizi kabisa. Hunyonya chakula moja kwa moja kutoka kwenye maji na hukua upesi sana, ndiyo maana unaushinda mwani kwa njaa. Wa pili ni huohuo wa Warington, Vallisneria, wenye majani marefu bapa yanayotoka chini. Huu una mizizi na huzaa vichipukizi kwa mashina yanayotambaa mchangani. Wa tatu pengine unao tayari barazani: ule mmea wa kutambaa wenye majani ya kijani na madoa ya njano ambao watu huuita moni planti. Kipande chenye vifundo viwili, mizizi ikining'inia ndani ya maji na majani yakibaki nje, hufyonza uchafu ambao mimea ya chini imeuacha.

Ceratophyllum hunasa kwenye nyavu, kwa hiyo sina haja ya kuingia majini. Mzee mmoja kwenye mwalo wa jirani huniwekea. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwalimu. Takataka zako zile pale, beba zote." Kwake ni takataka kweli, zinampotezea muda kila asubuhi.

Nawe usiingie majini kuitafuta. Kichocho kipo kwenye ufukwe wa ziwa letu, na njia yake ni hii: mayai ya minyoo hufika majini na kinyesi au mkojo wa mtu mwenye ugonjwa, vijidudu vinavyoanguliwa huingia kwa konokono, hukua humo, kisha hutoka vikiwa vidogo kupita kuonekana kwa macho na kupenya ngozi ya mtu yeyote aliyegusa maji hayo. Vikikosa ngozi hufa ndani ya siku mbili hivi. Konokono mwenye maambukizi, lakini, huendelea kuvimwaga siku baada ya siku, na konokono huyo hupenda kujificha kwenye mimea hiyohiyo unayoibeba. Sehemu hii ndiyo inayonifanya niwe mkali kwa wanafunzi wangu, maana mengine yote ukikosea utapoteza mmea tu.

Vaa glavu za mpira. Weka mimea kwenye ndoo ya maji ya bomba, itikise, toa kila konokono unayemwona na ute wowote wenye mayai ulioganda chini ya majani. Maji hayo yamwage kwenye ardhi kavu yenye jua kali, mbali na watoto. Kisha saga shabu, lile jiwe jeupe la kutulizia tope kwenye maji ya kunywa ambalo vinyozi nao hulitumia. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4 za maji, na mimea ilale humo masaa mawili au matatu. Isuuze vizuri. Baada ya hapo ikae kwenye ndoo safi iliyofunikwa kwa chandarua, wiki mbili au zaidi, kwenye mwanga, na kila siku uikague. Shabu haiui kila yai, kwa hiyo huenda ukakuta konokono wachanga. Hao watoe, ila wasikutie hofu: konokono aliyeanguliwa kwenye maji safi hana kichocho, kwa sababu hakirithi kutoka kwa mamaye. Wa kuogopwa ni mkubwa aliyetoka ziwani. Ukimkuta mkubwa hata mmoja baada ya wiki hizo mbili, mtoe na uanze kuhesabu upya.

Njia nyepesi kuliko zote ni kuomba mikato kwa mtu ambaye chupa yake imekaa miezi kadhaa. Kisiwa cha Saanane usikifikirie hata kidogo, ni hifadhi ya taifa tangu 2013 na hakuna cha kung'olewa pale.

Chombo, udongo na mawe

Tafuta chupa ya kioo yenye mdomo unaopitisha mkono, lita 4 hadi 6, ile waliyokuwa wakiwekea pipi na kashata dukani. Wauza vyombo wa Makoroboi, hapa mjini, huwa nazo, na yangu haikuzidi shilingi 15,000. Ya plastiki inafanya kazi, lakini huchubuka ukiisugua. Ioshe kwa maji ya moto na siki. Sabuni hapana.

Udongo ni wa bustani, tifutifu, wa mahali ambapo hapakumwagwa samadi wala mbolea ya dukani karibuni. Ukiwa na mbolea nyingi maji yatajaa amonia. Ule mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi uache, hutibua maji kwa muda mrefu. Uchekeche kwa chekecheke ya unga ili mizizi na vijiti vitoke. Halafu fanya kazi ambayo wengi huiruka: ujaze maji kwenye beseni, ukoroge, umwage vinavyoelea, uanike ukauke kabisa, urudie mara mbili tatu. Kila mzunguko unaozesha mabaki yaliyomo huko nje juani, yasije yakaoza ndani ya chupa yako. Mwisho ulowe uwe mzito kama uji wa mtama na uutandaze sentimita 2 chini ya chupa. Usizidishe hapo. Udongo mnene usiopata hewa huzaa gesi inayonuka mayai viza, na mizizi hufa ndani yake.

Juu yake mchanga, sentimita 3, chembe zenye ukubwa wa milimita 1 hadi 3, ulioshwa mpaka maji yatoke meupe. Mchanga ndio kifuniko cha udongo; ukiwa mwembamba, tope litapanda kila unapomwaga maji.

Kwa mawe, sisi wa Mwanza tumebarikiwa. Itale yetu haiyeyushi chokaa kwenye maji, nayo ina rangi za kijivu na waridi zinazopendeza zikilowa. Waombe akina mama wanaoponda kokoto wakuchagulie vipande vyenye kona, wape chochote, maana kupasua lile jiwe si mchezo. Kwa aliye pwani, ambako mawe mengi ni ya matumbawe, dondosha siki: likitoa mapovu, lina chokaa, liache. Kipande cha tawi kavu la mpera nacho hufaa, ukikichemsha na kukiloweka mpaka kizame. Kitatoa rangi ya chai kwenye maji, haina madhara.

Kupanga na kupanda

Hapa usikimbilie. Chagua upande mmoja wa chupa uwe mbele, kisha mchanga uinue nyuma na kuushusha mbele. Mteremko huo mdogo unaifanya chupa ionekane na kina kuliko ilivyo. Jiwe kubwa lisikae katikati. Lisogeze upande mmoja, liinamishe, lizike theluthi moja ya kimo chake ili lionekane limekuwepo siku zote, na madogo mawili yaelekee kulekule lilikoinamia. Takashi Amano, Mjapani wa Niigata aliyefariki 2015 na ambaye ndiye aliyewafundisha wengi kupanga mimea ya majini, alijifunza hayo kwa kutazama mandhari ya porini. Sisi tunayo nje ya mlango. Panda kilima chochote cha hapa, uangalie jinsi mawe makubwa yalivyobebana na nyasi zilivyoota penye nyufa, kisha rudi uipange chupa.

Mimina maji kidogo, yapande sentimita 5 juu ya mchanga, halafu panda. Vijiti viwili vya mishikaki vinafanya kazi ya koleo. Vallisneria ikae nyuma, mizizi yote mchangani lakini pale majani yanapoanzia paonekane, pakifukiwa panaoza. Ceratophyllum, kwa kuwa haina mizizi, ibane chini ya jiwe au iache ielee. Ijaze chupa hadi robo tatu ya nafasi iwe kijani. Utaona imezidi, haijazidi.

Maji ya bomba yaache wazi kwenye ndoo siku nzima ili klorini ipotee, kisha yamimine taratibu juu ya kipande cha nailoni ulichokitandaza, tope lisipande. Acha sentimita 4 juu bila maji.

Wiki za mwanzo, na mbu

Dirisha la mashariki linalopata jua la asubuhi kwa muda wa saa moja au mbili linatosha. Jua la saa sita litaipika chupa, ni kioo kidogo chenye maji machache. Nyumba ikiwa na giza, balbu nyeupe ya LED ya wati 7 hivi iliyoandikwa 6500K, sentimita 20 juu ya chupa, masaa 7 kwa siku, haitakuongezea cha maana kwenye luku.

Wiki mbili za kwanza badilisha nusu ya maji kila baada ya siku tatu, kwa sababu udongo mpya unamwaga chakula kuliko mimea inavyoweza kukila. Baadaye theluthi moja kwa wiki. Chombo bora cha kuvutia maji ni mpira wa dripu, mpya, wa duka la dawa: unaingia mpaka kwenye kona ya chini, na kile kigurudumu chake kinakuwezesha kupunguza mwendo usije ukavuta mchanga. Vallisneria inaweza kuyeyusha majani yote ya zamani. Usiing'oe, angalia kama katikati kuna jani jipya. Maji yakiwa meupe ya maziwa, ni bakteria wanaongezeka, yatatulia. Yakigeuka kijani, punguza mwanga na ongeza Ceratophyllum.

Mbu sasa. Chupa yenye maji tulivu bila samaki ni mahali hasa ambapo Aedes, mbu anayeeneza dengi, hupenda kutaga, na Dar es Salaam inakumbuka milipuko ya 2014 na 2019. Kwenye joto letu yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Kata kipande cha chandarua, kifunge mdomoni kwa mpira wa kubania noti, mche wa moni planti upitie kwenye tundu uliloliziba kwa pamba. Kila unapobadilisha maji, futa kioo kwa ndani pale juu ya usawa wa maji, maana Aedes hugandisha mayai hapo na huvumilia kukauka. Ukiona viluwiluwi hata mara moja, usisubiri siku ya zamu: toa maji mengi, chuja, badilisha chandarua.

Chupa ikishakaa miezi miwili ikiwa safi na unataka kiumbe kinachotembea, weka uduvi wa ziwa, Caridina nilotica, watatu au wanne, hawahitaji kulishwa ikiwa kuna mwani kidogo. Watengwe kwanza kwenye ndoo, kwa tahadhari zilezile isipokuwa shabu. Furu, samaki wa ziwa letu, hata awe mdogo namna gani, arudi ziwani siku hiyohiyo alikotolewa.

Na mikato yako isiende ziwani wala mtaroni. Magugu maji yaliyotuziba mialo katika miaka ya 1990 ni mmea wa Amerika Kusini uliopendwa kwa maua yake, na ilibidi waletwe wadudu wa Neochetina kuyala. Usiyapande kwenye chupa, na mmea wowote ulionunuliwa dukani uchukulie kwamba unaweza kufanya hivyohivyo. Anika mikato kwenye bati mpaka ivunjike mkononi, ndipo uifukie kwenye tuta la mchicha. Maji unayoyatoa yamwagie hapohapo, mchicha unayapenda.