Somo: Kumdhibiti mtumaji kwenye ActiveMQ kabla foleni haijafurika

Programu inayotuma ujumbe imeganda. Haitoi kosa, haifi, prosesa imetulia, na ukurasa wa usimamizi wa ActiveMQ (seva inayopokea ujumbe kutoka programu moja na kuupanga kwenye foleni hadi nyingine iuchukue) kwenye mlango 8161 unafunguka kama kawaida. Wengi wakifika hapa huwasha seva upya, mambo yakaenda kidogo, kisha yakarudi palepale. Kabla ya kuzima chochote, angalia logi:

```
grep -iE "usage manager|store is full" data/activemq.log
```

Ukipata mstari, seva ni nzima. Imemzuia mtumaji kwa makusudi kwa sababu mahali pa kuweka ujumbe pamejaa. Kazi yako ni kuamua mapema nini kitokee pakijaa: mtumaji asubiri, akataliwe, au mzigo uende diski. Usipoamua, atasubiri bila kikomo, na ndiyo maana programu inaonekana imeganda.

Somo hili ni la ActiveMQ Classic, matoleo ya 5 na 6. Artemis, seva nyingine ya familia ya ActiveMQ, ina mipangilio yake, tazama swali la mwisho.

Hatua ya 1: Matangi matatu

Seva hupima vitu vitatu. Kumbukumbu, ambayo foleni zote zinaigawana. Ghala la diski la ujumbe wa kudumu (ule unaobaki hata seva ikizimwa), kwa kawaida KahaDB, hifadhi ya ActiveMQ yenyewe. Na ghala la muda, linalopokea ujumbe usio wa kudumu unapozidi kumbukumbu. Faili la `conf/activemq.xml` linakuja na asilimia 70 ya kumbukumbu ya Java, gb 100 za ghala na gb 50 za muda. Sasa angalia `bin/env`: Java imepewa `-Xmx1G`, yaani kumbukumbu isiyozidi GB 1. Asilimia 70 ya hapo ni kama MB 717 tu, hata kama mashine ina GB 64. Ukitaka zaidi, ongeza `-Xmx` kwanza.

Gb 100 na 50 nazo zimeandikwa na mtu asiyeijua diski yako. Nafasi ikiwa ndogo kuliko hapo, seva huonya kwenye logi inapowaka na kujipunguzia kikomo. Andika namba zako mwenyewe:

```
<systemUsage>
  <systemUsage sendFailIfNoSpaceAfterTimeout="3000">
    <memoryUsage>
      <memoryUsage percentOfJvmHeap="70"/>
    </memoryUsage>
    <storeUsage>
      <storeUsage limit="20 gb"/>
    </storeUsage>
    <tempUsage>
      <tempUsage limit="5 gb"/>
    </tempUsage>
  </systemUsage>
</systemUsage>
```

Majina kujirudia mara mbili si kosa la uchapaji, yaache hivyo. Hiyo 3000 ni milisekunde: mtumaji anasubiri sekunde tatu, nafasi isipopatikana anarudishiwa `ResourceAllocationException`. Ipo pia `sendFailIfNoSpace="true"`, inayokataa papo hapo. Mimi napendelea ya kusubiri kidogo, kwa kuwa foleni nyingi hujaa kwa muda mfupi tu kisha hupumua.

Hatua ya 2: Kikomo cha kila foleni

Bila hiki, foleni moja yenye mpokeaji mzembe inaweza kumeza kumbukumbu yote na kuzikwamisha zisizohusika. Ndani ya `destinationPolicy`, `policyMap`, `policyEntries`:

```
<policyEntry queue="MALIPO.>" producerFlowControl="true" memoryLimit="16mb"/>
<policyEntry queue="MTIHANI" producerFlowControl="true" memoryLimit="1mb">
  <pendingQueuePolicy>
    <vmQueueCursor/>
  </pendingQueuePolicy>
</policyEntry>
```

Alama ya `>` inamaanisha kila foleni ambayo jina lake linaanza na MALIPO.

Hapa ndipo watu hupotea. Wanaweka `memoryLimit`, wanajaribu kwa ujumbe elfu hamsini, na mtumaji hasimami hata kidogo. Sababu ni kwamba foleni ya kawaida haiweki ujumbe wote kwenye kumbukumbu. Ikifika asilimia 70 ya kikomo chake, inaacha kuhifadhi humo na kutegemea diski, kwa hiyo asilimia 100 haifikiki kirahisi. Kinachokuja kumsimamisha mtumaji ni ghala kujaa, pengine wiki mbili baadaye. Ukitaka kikomo cha kumbukumbu ndicho kimsimamishe, weka `vmQueueCursor`, inayobakiza ujumbe wote kwenye kumbukumbu, kama kwenye MTIHANI. Kwa foleni za malipo nisingefanya hivyo. Acha diski ibebe mzigo.

Halafu hesabu ya ukubwa: seva huongeza karibu kilobaiti moja juu ya kila ujumbe. Ujumbe wa baiti 100 unahesabiwa zaidi ya kilobaiti nzima. Ukipanga kwa ukubwa wa maandishi peke yake, utakosea mara kumi.

Hatua ya 3: Upande wa mtumaji

Ujumbe wa kudumu nje ya muamala (transaction) husubiri jibu la seva kila unapotumwa, kwa hiyo mtumaji anasimamishwa peke yake bila kuwagusa wenzake. Ujumbe usio wa kudumu haungoji jibu. Foleni yake ikijaa, seva haina njia ya kumwambia asubiri isipokuwa kuacha kusoma muunganisho mzima, na wote wanaoutumia wanakwama naye. Dawa ni kumpa dirisha, yaani kiasi anachoruhusiwa kutuma kabla ya kuthibitishiwa, kwenye anwani ya kuunganishia (`failover` huorodhesha seva za kujaribu moja ikianguka):

```
failover:(tcp://seva1:61616,tcp://seva2:61616)?jms.producerWindowSize=1024000
```

Hizo ni baiti. Akishatuma kiasi hicho bila kuthibitishiwa, anangoja. Angalia mahali lilipokaa: nje ya mabano. Ukiliweka ndani ya mabano ya failover halifanyi kazi.

Kuna pia `jms.sendTimeout=5000`, muda wa juu wa kungoja jibu. Usiichanganye na dirisha: ukishaweka namba yoyote juu ya sifuri, kila ujumbe unageuka wa kungoja jibu, na kasi ya ule usio wa kudumu inaporomoka. Ukiitumia, iwe kubwa kuliko ile 3000 ya seva. Ikiwa ndogo, mtumaji atakata tamaa wakati seva bado imeushika ujumbe wake. Atatuma tena, na mpokeaji ataupata mara mbili.

Hatua ya 4: Jaribu

```
bin/activemq producer --destination queue://MTIHANI --messageCount 1000 --messageSize 5000
```

Hesabu inapaswa kusimama mahali fulani kati ya 150 na 200, kisha baada ya sekunde tatu kosa la `ResourceAllocationException` litokee. Ikipita 1000 bila kusita, `policyEntry` yako haijashika: kagua herufi za jina la foleni, au kama seva imewashwa upya baada ya kuhariri. Ukishaona kosa, punguza maji kwenye tangi:

```
bin/activemq consumer --destination queue://MTIHANI --messageCount 100
```

Tuma tena ujumbe hamsini, utapokelewa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, kwa nini nisiweke tu `producerFlowControl="false"` nikalala usingizi?

Jibu: Utalala mpaka diski ijae. Hiyo inaondoa kizuizi cha kumbukumbu peke yake. Ghala au tangi la muda likifika kikomo, seva inamzuia mtumaji vilevile. Umeahirisha tatizo, na siku likifika lina gb 20 nyuma yake badala ya mb 16.

Swali: Foleni zangu zote zinaonyesha sifuri lakini "Store percent used" iko 100. Nimehesabu mara tatu.

Jibu: Umeihesabu `ActiveMQ.DLQ`, foleni ya ujumbe uliokufa, yaani ulioshindikana kupokelewa? KahaDB huandika kwenye mafaili ya mb 32, foleni zote zikichanganyika humo. Faili halifutwi mpaka kila ujumbe uliomo uwe umethibitishwa. Ujumbe mmoja wa kilobaiti mbili uliokufa mwezi uliopita unalishikilia faili zima, na ujumbe kumi uliotawanyika unashikilia mafaili kumi. Safisha DLQ, kisha angalia kama kuna msajili wa kudumu wa mada (topic, ambapo kila msajili hupata nakala yake) aliyeondoka bila kufuta usajili wake, maana naye huwekewa ujumbe akisubiriwa. Baadaye hamishia DLQ kwenye ghala lake kwa mKahaDB, mpangilio wa kutumia KahaDB zaidi ya moja.

Swali: Mwalimu, nimeweka kila kitu ulichosema. Huduma yangu inapokea kutoka foleni A na kutuma foleni B. B ikijaa, A nayo inasimama kabisa na haiamki.

Jibu: Kupokea A na kutuma B kunatumia muunganisho mmoja, sivyo? Mpokeaji wa A amekwama ndani ya `send` kwenda B, kwa hiyo hathibitishi alichopokea, na A inajaa. Kama anayeiondoa B yupo kwenye muunganisho huohuo, hata uthibitisho wake haupiti, na hapo ndipo fundo halifunguki. Tumia muunganisho mmoja wa kutuma na mwingine wa kupokea. Pia shusha idadi anayopewa mpokeaji kwa mkupuo: kwa foleni ni 1000 usipobadilisha, na ujumbe aliokwisha kukabidhiwa bila kuuthibitisha bado unahesabiwa kwenye kumbukumbu ya seva. `jms.prefetchPolicy.queuePrefetch=50` inatosha kwa kazi nzito.

Swali: Nimekamata `ResourceAllocationException` kwenye `send` lakini ujumbe usio wa kudumu bado unapotea kimyakimya.

Jibu: Kwa sababu `send` ilishamaliza kabla seva haijakataa. Kosa linakwenda kwa `ExceptionListener` ya muunganisho. Isipowekwa, hakuna anayelisikia. Kama ujumbe huo hautakiwi kupotea, basi ni wa kudumu, utume hivyo. Na ukihamia toleo la 6, badilisha `javax.jms` kuwa `jakarta.jms` hata kwenye `catch`.

Swali: Sisi tupo Artemis, haya yanatuhusu?

Jibu: Wazo ndilo hilo, majina siyo. Kule unaweka `max-size-bytes` kwenye `address-setting`, kisha unachagua `address-full-policy`: BLOCK inamzuia mtumaji, FAIL inamrudishia kosa, PAGE inapeleka diski, DROP inatupa bila kumwambia mtu. Angalia pia `max-disk-usage`, ambayo ni 90: diski ikifika asilimia hiyo watumaji wanazuiwa hata kama foleni ni tupu, na mara nyingi aliyeijaza ni programu nyingine kabisa kwenye mashine hiyohiyo.