Kujenga na kuchapisha kifurushi cha Python kwenye PyPI bila kutumia nenosiri

Maktaba inayotumiwa na programu kadhaa haifai kujengwa kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Nilikuwa nikifanya hivyo mwenyewe, hadi nilipochapisha toleo la 1.4.0 la maktaba yetu ya `viwango` bila faili la `jedwali.csv` ambalo maktaba hiyo hulisoma kila inapoitwa. Kwangu kila kitu kilikwenda sawa, kwa sababu Python ilikuwa ikisoma faili hilo kutoka kwenye folda ya msimbo, lakini wenzangu waliosakinisha toleo hilo waliishia kwenye `FileNotFoundError`. Kulirekebisha toleo lenyewe hakukuwezekana: PyPI, ghala la umma la vifurushi vya Python, haikubali jina la faili lililokwisha kupakiwa litumike tena, hata ukilifuta, kwa hiyo ilinilazimu kutoa 1.4.1.

Hatua ya kwanza: hakiki kifurushi kwa mkono. Hakikisha `pyproject.toml`, faili la maelezo ya kifurushi, inataja jina, toleo na mafaili ya data, kisha endesha `python -m build`. Ndani ya folda ya `dist` utapata mafaili mawili, moja la `.tar.gz` na jingine la `.whl`. Hilo la pili ni zipu ya kawaida, kwa hiyo lifungue kwa `unzip -l dist/*.whl` usome orodha yake mstari kwa mstari. Laiti ningefanya hivyo mapema, ningeona kwamba `viwango/jedwali.csv` haimo.

Hatua ya pili: itambulishe hazina yako ya msimbo iliyo GitHub kwa PyPI. Tangu Aprili 2023, PyPI inaweza kuuamini moja kwa moja mtiririko wa kazi wa GitHub, yaani maagizo ambayo GitHub huyaendesha yenyewe. Katika mipangilio ya uchapishaji ya mradi wako, jaza jina la mmiliki, jina la hazina, jina la faili la mtiririko na jina la mazingira. Mtiririko unapoendeshwa, GitHub huutolea kitambulisho, nayo PyPI hukikagua na kutoa tokeni inayodumu dakika 15 tu, hivyo hakuna siri ya kudumu inayoweza kuvuja. Unaweza kujisajili hivi hata kabla mradi haujakuwepo, ila fahamu kwamba usajili huo haukuhifadhii jina, na mtu mwingine anaweza kulichukua kabla hujachapisha.

Hatua ya tatu: andika `.github/workflows/chapisha.yml`.

```
on:
  push:
    tags: ["v*"]
jobs:
  jenga:
    runs-on: ubuntu-latest
    steps:
      - uses: actions/checkout@v4
      - uses: actions/setup-python@v5
        with:
          python-version: "3.12"
      - run: pip install build twine
      - run: python -m build
      - run: twine check --strict dist/*
      - run: pip install dist/*.whl
      - run: cd /tmp && python -c "import viwango; viwango.soma()"
      - uses: actions/upload-artifact@v4
        with:
          name: vifurushi
          path: dist/
  chapisha:
    needs: jenga
    runs-on: ubuntu-latest
    environment: pypi
    permissions:
      id-token: write
    steps:
      - uses: actions/download-artifact@v4
        with:
          name: vifurushi
          path: dist/
      - uses: pypa/gh-action-pypi-publish@release/v1
```

Kazi ni mbili kwa makusudi. Wakati wa kujenga, msimbo wa watu wengine huendeshwa, na msimbo huo haupaswi kukaribia ruhusa ya `id-token`. Kazi ya kuchapisha nayo haijengi chochote, bali hupokea mafaili yaleyale yaliyokwisha kujaribiwa.

Mstari wa `cd /tmp` usiuondoe kamwe. Ndio unaoilazimisha Python kusoma maktaba iliyosakinishwa badala ya folda ya msimbo, na `viwango.soma()` hufungua jedwali lenyewe. Kuishia kwenye `import` pekee kusingelifichua kosa langu.

Hatua ya nne: toa toleo. Badilisha namba ndani ya `pyproject.toml`, hifadhi mabadiliko, kisha endesha `git tag v1.5.0` na `git push origin v1.5.0`; tegi hiyo ndiyo inayouanzisha mtiririko. Ukisahau kubadilisha namba, tegi itasema 1.5.0 huku kifurushi kikijengwa kama 1.4.1, na PyPI itakikataa.

Toleo bovu likipenya licha ya yote haya, usilifute. Lisimamishe ("yank") kupitia mipangilio ya mradi kwenye PyPI: `pip` italiruka kwa wanaosakinisha upya, lakini programu zilizoandikiwa `==1.5.0` zitaendelea kulipata wakati unaandaa 1.5.1.