Msimu wa korosho, maneno ya watu na namna ya kuutunza moyo

Huku kwetu Tandahimba, mkoani Mtwara, maneno ya kukatisha tamaa yana msimu wake. Yanaanza mikorosho ikitoa maua, yanapamba moto minada ikikaribia: dawa ya salfa haishiki, bei itaanguka, AMCOS (chama chetu cha ushirika) watatukata, kilimo hiki hakina mwenyewe. Mimi ni mama mwenye shamba, na hayo nayasikia bombani, msibani, hadi jikoni kwangu.

La kwanza, usibishe lililo kweli. Malipo yakichelewa, yamechelewa. Mwenzako hana hela ya sare za mtoto, ukimwambia asijali umemuumiza. Mpe pole, kisha muulize: "Sasa kesho tunafanyaje?" Mwenye shida atakujibu na mtapanga. Aliyekuja kulalamika tu atahamia habari nyingine, nawe utajua nani wa kumpa muda wako.

Anayesema maneno ya jumla, mdai hesabu. Mwaka 2018, wakulima walipoikataa bei ya wanunuzi na Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wengi walisema korosho imekwisha. Oktoba 2024, mnada wa kwanza wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, bei ikavuka shilingi 4,000. Bei inashuka, na ikishuka tunaumia kwelikweli. Lakini aliyeacha kupalilia kwa hasira za msimu mmoja, bei ikipanda hana cha kupeleka ghalani.

Usianze siku na maneno. Hili ndilo linalonisaidia kuliko yote. Salfa tunapuliza alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka, kwa hiyo simu naiacha ndani. Kundi la WhatsApp nalifungua nikisharudi. Ukishayaona maua yako kwa macho, hayana ule unga mweupe wa ugonjwa wa ubwiri, hutayumba kirahisi ukiambiwa mikorosho ya wilaya nzima imeungua. Na kama unga upo, utakuwa umeuona mapema, ungali na la kufanya.

Mzee wa nyumbani ni kazi ngumu zaidi, maana huwezi kumnyamazisha wala kumkimbia. Mpe kazi anayoijua. Mama mkwe wangu akianza "mwaka huu hamna kitu", namtandikia jamvi, namwagia korosho zilizotoka kuanikwa, namwomba anisaidie kuchambua. Anachota konzi, anaitikisa karibu na sikio: zilizokauka zinalia, mbichi ziko kimya. Zilizosinyaa anazitupa kushoto, nzima kulia. Haupiti muda ananigombeza kwamba nimeanua mapema. Namwitikia, "Sawa mama," nazirudisha juani. Hapo tunazungumzia korosho zilizo mbele yetu, na mzigo wetu unapata nafasi ya kupimwa daraja la kwanza.

Kijiweni salimia wote, kaa kidogo, aga vizuri. Kuwasusa watu si uungwana, na ukifiwa ni hao hao watakaokuja kukuzika mtu wako.

Siku ya mnada nenda mwenyewe. Bei zikitangazwa andika kwenye daftari bei ya juu, bei ya chini na tani zilizouzwa. Jirani akija usiku kusema tumeibiwa, mkaribishe, fungueni daftari, linganisheni na karatasi yake ya malipo, mkipiga hesabu makato kwa makato. Mkikuta pengo, liandikeni vizuri na mlipeleke pamoja kwenye mkutano wa AMCOS.