Kabla hamjabomoa daraja la zamani, shukeni kwanza mtoni

Huku kwetu Usambara Mashariki daraja jipya ni sherehe, na haki yetu kusherehekea. Masika ikikolea yale madaraja ya magogo yanateleza au yanabebwa kabisa, mgonjwa anakwama ng'ambo, iliki na karafuu zinaozea nyumbani badala ya kufika Muheza sokoni. Toka TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, ianzishwe 2017 madaraja ya mawe na zege yameongezeka sana vijijini, na mimi kazi yangu ni kukagua mto kabla ujenzi haujaanza, yaani viumbe na maji. Tatizo ninalokutana nalo karibu kila mara ni kuitwa mchoro ukiwa ushaisha, nguzo zishapangiwa pa kukaa, halafu unaambiwa andika ripoti. Sasa hapo utaandika nini? Kwa hiyo kama uko kwenye kamati ya kijiji, au ni fundi sanifu, au umetoka chuo umepewa kazi hii mara ya kwanza, shika hili moja: ukaguzi uje kabla ya mchoro, kwa sababu kitakachoonekana mtoni ndicho kinachoamua daraja liwe la aina gani na lijengwe mwezi gani.

Nitatumia mto Zigi na vijito vyake kama mfano maana ndio naoujua. Maji ya Zigi yanaingia bwawa la Mabayani na ndiyo wanayokunywa watu wa Tanga mjini, kwa hiyo tope ukilitibua juu huku kuna mtu kule chini linaenda kumfikia kwenye bomba. Na huku juu kuna msitu wa Amani, hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, una viumbe ambao ukiwapoteza hapa huna pa kwenda kuwatafuta.

Kabla hujavaa gambuti, nenda ofisi ya kijiji ujitambulishe, uliza kama eneo la daraja linagusa hifadhi, maana likigusa lazima TFS, wakala wa huduma za misitu, wajue na wakuruhusu. Nenda pia bodi ya maji ya bonde, kwa Zigi ni Bonde la Pangani, kwa sababu mkandarasi akitaka kuchota maji ya mto kwa ajili ya zege anatakiwa awe na kibali. Halafu tengeneza orodha ya viumbe wanaojulikana eneo hilo, angalia orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inayoonyesha viumbe walio hatarini kutoweka, chapisha na picha zake. Picha ni muhimu kuliko majina, kwa sababu jina la kitaalamu halimsaidii mzee aliyevua mto ule miaka 40, lakini ukimwonyesha picha atakwambia huyu yupo pale kwenye jiwe kubwa, huyu sijamwona toka mafuriko ya El Niño ya 1997.

Nenda mara mbili, kiangazi na masika. Ukienda kiangazi peke yake utaandika "hakuna vyura" na utakuwa umedanganya bila kujua. Kiangazi unapima maji yakiwa machache kabisa, unaona mwamba wa chini ulivyo, unaona samaki wamejificha kwenye madimbwi gani. Masika ndio vyura wanaimba na ndio unaona mto unapanda mpaka wapi.

Na usiku lazima. Najua watu wanapenda kuja saa nne asubuhi wapige picha wasaini posho waondoke, lakini viumbe wengi wanaotuhusu hapa wanatoka giza likiingia. Kinyonga mchana humwoni hata akiwa mbele ya pua yako, usiku amelala kwenye ncha ya tawi, ukimmulika na tochi anang'aa mweupe, mtoto mdogo anaweza kumhesabu. Vyura unawasikia, rekodi sauti kwa simu dakika tano kila kituo halafu mpe mtaalamu asikilize. Wapo vyura wadogo wa kundi la Nectophrynoides ambao hawatagi mayai majini, wanazaa vitoto kamili, hao tafuta kwenye majani yaliyolowa kando ya mto na sio ndani ya maji. Yupo pia chura mkubwa wa kwenye maporomoko, Arthroleptides martiensseni, viluwiluwi vyake vinang'ang'ania juu ya mwamba wenye unyevu, na mwamba wa namna hiyo ndio mainjinia wanaoupenda kwa msingi wa daraja. Umeona sasa kwa nini nasema kabla ya mchoro? Kusogeza msingi mita kadhaa ukiwa bado kwenye karatasi hakuna gharama ya maana.

Kwenye mawe ya kivuli angalia pia Saintpaulia, lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu wanalifuga kwenye vyungu madirishani, kwao asili ni milima yetu hii na sehemu chache nyingine za Tanzania na Kenya. Linakaa kwenye ufa wa jiwe, ukikata mti unaolifunika jua linalichoma hata kama jiwe hujaligusa.

Usikamate wanyama kama huna kibali, tazama na upige picha inatosha. Nenda watu wawili au watatu, na ukitoka mto mmoja kwenda mwingine osha buti kwa klorini uzikaushe, kuna ugonjwa wa ukungu unaoua vyura na unasafiri kwenye matope ya viatu vyetu.

Anayeona haya yote ni mzigo akumbuke Kihansi, maporomoko ya kule milima ya Udzungwa. Yule chura wa Kihansi, wa kundi hilohilo la Nectophrynoides, aligundulika 1996 mradi wa umeme ukiwa ushaanza kujengwa. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu ya maporomoko yakapotea, ikabidi yafungwe mabomba ya kunyunyizia maji na vyura wengine wasafirishwe Marekani wakafugwe, 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini, 2012 ndio wakaanza kurudishwa. Najua daraja la kijiji sio bwawa la umeme, lakini chura mwenye makazi madogo namna ile hahitaji mradi mkubwa ili aishe.

Daraja lenyewe la zamani nalo ni makazi. Mchana chungulia chini yake, ukiona vinyesi vidogo vyeusi na harufu kali kuna popo, rudi jioni ukae pembeni uwahesabu wakitoka. Viota vya udongo vya mbayuwayu vikiwa na makinda, subirini makinda yaruke ndio mbomoe. Tembea pia kingo zote mbili kutafuta nyayo za fisi maji, na mabaki ya kaa aliowala juu ya mawe.

Haya, maji. Anza na watu wanaoyatumia. Panda juu ya daraja na ushuke chini yake, mimi huwa natembea kama nusu kilomita kila upande, andika kila unachokiona: chanzo cha maji ya mserereko, chemchemi, wanapofulia kina mama, wanaponyweshea ng'ombe, bustani za mboga. Angalia kama kuna bomba la kijiji limefungwa kwenye daraja la zamani, maana hilo linasahaulika sana. Niliwahi kukuta daraja limebomolewa Ijumaa na vijiji viwili vikakaa bila maji karibu wiki nzima kwa sababu bomba lilikuwa limepita juu ya magogo na hakuna aliyeliandika popote. Kina mama walirudi kuchota mtoni, chini ya palepale tope lilipokuwa linatoka. Iliniuma na bado inaniuma.

Kupima mtiririko huhitaji mashine. Tafuta sehemu mto umenyooka, pima mita 10 kando ya ukingo, dondosha chungwa katikati ya mkondo, washa saa ya simu. Rudia mara tano uchukue wastani. Tuseme limetumia sekunde 20, hiyo ni nusu mita kwa sekunde, zidisha kwa 0.85 kwa sababu maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini, unapata kama 0.43. Mto una upana mita 6 na kina cha wastani 0.4, zidisha zote, inakuja karibu mita moja ya ujazo, sawa na lita 1,000 kila sekunde. Kwa mafuriko tafuta alama, takataka zilizonasa kwenye miti na mstari wa tope ukutani, halafu waulize wazee wawili watatu kila mmoja peke yake.

Chukua pia maji kwenye chupa safi juu na chini ya daraja, pima tope na pH, yaani kipimo cha asidi na magadi kwenye maji, 7 ndiyo ya katikati. Zege bichi lina pH ya 12 na zaidi, yaani magadi makali, maji ya kuoshea mashine yakiingia kwenye kijito kidogo yanaua samaki na viluwiluwi. Na kama huko juu wachimbaji wadogo wa dhahabu waliwahi kupita, kama ilivyokuwa Sakale huku huku Usambara Mashariki, tope la chini lipimwe zebaki, ambayo wachimbaji huitumia kukamatia dhahabu, kabla hujalifukua kwa ajili ya msingi.

Hapo ndipo unakaa na injinia. Mwombe tao au daraja linaloacha sakafu ya mto kama ilivyo. Ikilazimika kuwa kalavati basi sakafu yake izame chini ya kitanda cha mto, maana ikining'inia inatengeneza kaporomoko ambako kaa na samaki wadogo hawapandi. Kazi ya ndani ya maji ifanyike kiangazi. Kambi, stoo ya saruji na dizeli vikae nje ya mita 60 kutoka ukingo wa mto zinazotajwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, daraja halina jinsi lazima liguse mto lakini pipa la dizeli lina jinsi.

Kwenye ripoti inayosambazwa usiweke alama kamili za GPS za vinyonga na maua, kuna watu wanavikusanya kuuza. Hizo mpe injinia na hifadhi peke yao.

Na ujenzi ukianza usiondoke moja kwa moja. Mpe kijana wa kijijini chupa mbili za kioo, kila siku saa kumi achote moja juu ya daraja na nyingine chini, aziweke pamoja kwenye mwanga apige picha akutumie. Ya chini ikiwa rangi ya chai ya maziwa na ya juu iko safi, piga simu kwa msimamizi kazi isimame siku hiyohiyo, na bwawani Mabayani wajulishwe.