Somo: Kupanga sauti ya filamu ili isimulie hadithi

Wakuu, tuanze na tukio la mgahawani katika The Godfather (1972), kabla Michael, mtoto wa bosi wa mafia, hajawapiga risasi maadui wawili alioketi nao mezani. Hakuna muziki. Sollozzo, mmoja wa hao wawili, anaongea Kiitaliano, na maneno yake hayakutafsiriwa chini ya picha. Halafu garimoshi linaanza kusaga reli, linakaribia, linazidi, mpaka bastola inalia. Garimoshi lenyewe hulioni. Walter Murch, fundi wa sauti wa filamu hiyo, ndiye aliyeliweka pale: uso wa Michael umetulia, kichwa chake kinasaga vyuma. Muziki unaingia bastola ikishadondoshwa.

Hatua ya 1. Pitia skripti, na kwenye kila tukio andika: tunasikia kwa masikio ya nani? Mama anayemsubiri mwanawe usiku husikia kila bodaboda inayopita. Jirani yake aliyelala hasikii hata moja. Mtaa ni uleule, sauti ni mbili tofauti.

Hatua ya 2. Rekodi ukimya wa mahali. Watu wote wasimame kimya walau sekunde 30, maikrofoni isihamishwe. Kila chumba kina ukimya wake, na huo ndio wa kuzibia mapengo ukishakata maneno. Zima feni na friji. Mimi niliwahi kusahau friji: ikanguruma mume akiongea, ikanyamaza mke akijibu, kama vile wako nyumba mbili. Siku hizi nikiizima naweka ufunguo wa gari humo ndani, nisije nikaondoka vyakula vya watu vikaoza.

Hatua ya 3. Nyayo, nguo na vikombe viigize upya kwa mikono huku ukitazama picha. Hollywood kazi hii inaitwa kwa jina la Jack Foley, aliyeifanya kwenye studio ya Universal. Vifuu viwili vya nazi vinakupa kwato za punda.

Hatua ya 4. Chagua sauti moja ibebe tukio, nyingine zipunguze. Hapa ndipo tunapokosea wengi: kinanda kinamwagwa tangu mwanzo, mtazamaji anaambiwa alie kabla hajajua analilia nini.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, sina maikrofoni, nina simu tu.
Jibu: Tumia simu ya pili kama kinasa sauti, iwe karibu na kinywa cha mwigizaji, nje ya picha. Piga kofi moja mwanzoni ili upate pa kulinganishia sauti na picha. Tundika mablanketi, mwangwi utapungua.

Swali: Sauti za ndege za kupakua mtandaoni zinafaa?
Jibu: Soma kwanza masharti ya matumizi. Halafu jiulize ni ndege wa wapi. Asubuhi ya Dar bila kunguru, mwenyeji atashtuka hata kama hatajua kwa nini. Amka mapema ukarekodi mwenyewe.

Swali: Niliweka mngurumo mzito wa kutisha, kwenye spika ulitetemesha meza. Watu wakatazama kwenye simu, hakuna aliyeusikia.
Jibu: Spika ya simu ni ndogo, sauti nzito haziwezi. Changanya na kitu chembamba: bati linalokwaruzwa, bawaba kavu. Rudi kwenye lile garimoshi, usikilize vyuma vinavyolia. Hata kwenye simu ya bei poa vinasikika.